Dawa ya Moto ni Moto: Hahnemann, Daktari wa Vidonge Vitamu

Mtaa wa Mbotela ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa hapa Nairobi mwaka 1952. Wengi wetu tunaandika hilo jina kwenye fomu na kumwambia makanga atushukishe hapo, na hatujui mwenyewe alikuwa nani. Leo nataka nikupigie stori ya mtu mwingine wa aina hiyo. Kazi yake inazunguka mitaani, jina lake halijulikani.

Kama ushawahi kupewa kichupa kidogo chenye vidonge vyeupe, vidogo kama punje za mtama na vitamu kama peremende, ukaambiwa uviweke chini ya ulimi na ukae mbali na kahawa, basi ushakutana naye. Hiyo dawa inaitwa homiopathi, na aliyeianzisha ni Mjerumani mmoja, Samuel Hahnemann, aliyekufa mwaka 1843.

Kwa nini ujali? Kwa sababu ukiugua Eastlands una milango mingi ya kubisha. Kuna zahanati ya kaunti, kuna chemist ya kona, kuna mama wa unga wa mwarubaini, kuna Mmaasai wa mizizi pale sokoni, kuna maombi, na kuna hivi vidonge vitamu. Kila mlango una bei yake na foleni yake, na kila mlango una mtu anayeapa kwamba wake ndio ulimponya shangazi yake. Ukijua nani alijenga mlango na kwa nini, utajua lini ubishe na lini upite. Sasa keti, twende Ujerumani.

Mtoto wa mchora kauri

Hahnemann alizaliwa Aprili 1755 katika mji wa Meissen, eneo la Saxony. Meissen ulikuwa mji wa kiwanda cha vyombo vya kauri, vile vikombe na sahani za matajiri, na baba yake alikuwa mmoja wa wachoraji wa pale kiwandani. Usidhani kwa sababu vyombo vilikuwa vya kifalme basi waliovichora waliishi kifalme. Hapana. Ni kama fundi anayejenga ghorofa Kilimani halafu anarudi kulala kwenye mabati. Doo haikutosha, na zaidi ya mara moja baba alitaka kumtoa kijana shuleni aende akatafute kazi.

Walimu ndio waliomwokoa. Waliona kichwa chake kinashika lugha kama sifongo, wakamruhusu asome shule nzuri ya mjini bila kulipa karo. Alipokuwa kijana tayari alikuwa anasoma Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na Kiingereza, na baadaye akaongeza nyingine, hata Kiarabu na Kiebrania. Shika hiyo habari ya lugha, maana ndiyo itakayombadilisha maisha.

Mwaka 1775, akiwa na miaka 20, akaenda chuo kikuu cha Leipzig kusomea udaktari, mfukoni akiwa na pesa ya kuanzia tu. Mchana darasani, usiku anatafsiri vitabu vya watu ili apate kula. Kitu kimoja kilimuudhi: pale Leipzig wanafunzi walisoma udaktari bila kugusa mgonjwa. Maneno matupu. Akahamia Vienna mwaka 1777, ambako kulikuwa na hospitali ya kweli na daktari mkubwa aliyempenda na kumtembeza wodini. Miezi michache tu, pesa ikaisha.

Wewe uliyewahi kukosa mtihani kwa sababu ya salio la karo unajua hiyo hali. Mimi pia naijua, chuo kiliniacha njiani nikiwa mwaka wa pili. Tofauti ni kwamba yeye alipata mtu wa kumshika mkono: gavana mmoja wa Transylvania, sehemu ambayo leo iko Romania, alimchukua akampangie maktaba yake na kuwa daktari wa nyumbani. Akakaa huko karibu miaka miwili, akaweka akiba, akarudi Ujerumani na kuchukua shahada katika chuo cha Erlangen mwaka 1779. Alichagua Erlangen kwa sababu ada zake zilikuwa nafuu. Basi, akawa daktari Hahnemann, miaka 24.

Daktari aliyeacha udaktari

Hapa lazima nikueleze udaktari wa wakati huo ulikuwaje, la sivyo stori yote haitaeleweka.

Hakukuwa na antibiotiki. Hakuna aliyejua kwamba vijidudu vinaleta ugonjwa. Madaktari waliamini mwili una majimaji ambayo yakizidi au yakiharibika mtu anaugua, kwa hivyo tiba ni kuyatoa. Una homa? Unakatwa mshipa, damu inatoka bakuli zima. Bado una homa? Unatolewa nyingine. Au unabandikwa ruba wakunyonye. Juu yake unapewa dawa za kutapisha na za kuharisha, halafu zebaki, ile metali inayotiririka ambayo leo tunajua ni sumu. Mgonjwa alikuwa anapigana na vita viwili, ugonjwa wake na daktari wake.

Mwaka 1792 mfalme mkuu Leopold II wa Austria aliugua ghafla, madaktari wake wakamtoa damu mara kadhaa ndani ya muda mfupi, akafa. Hahnemann aliandika hadharani gazetini akiwataka hao madaktari wajieleze. Fikiria daktari mdogo asiye na jina anawauliza madaktari wa ikulu maswali mbele ya nchi nzima. Ndivyo alivyokuwa. Mdomo haukumtulia, na kalamu pia.

Lakini hata kabla ya hapo alikuwa ameshachoka. Alioa mwaka 1782, mke wake Johanna Henriette akiwa binti wa kambo wa mwenye duka la dawa, na watoto wakaanza kuja, mwishowe 11. Na yeye, mwenye mke na watoto, miaka michache baadaye akaamua kuacha kutibu. Sababu ilikuwa dhamiri. Aliona anawadhuru watu waliomwamini, na akaona afadhali njaa.

Njaa ikaja kweli. Akarudi kwenye kazi ya kutafsiri vitabu, wakahama mji baada ya mji. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba kuna wakati familia nzima iliishi chumba kimoja, kona moja ikakatwa kwa pazia, na yeye akakaa nyuma ya hilo pazia usiku kucha akiandika. Wanasema pia mkate ulipimwa kwenye mizani ili kila mtoto apate kipande sawa na mwenzake. Kama umekulia nyumba ya chumba kimoja na pazia katikati, huhitaji nikufafanulie.

Na usimdharau, maana hata nyuma ya pazia alifanya kazi za maana za kemia. Aliandika kitabu kuhusu sumu ya aseniki na jinsi ya kuitambua, na akabuni njia ya kupima kama divai imetiwa risasi, ile metali. Wauzaji wengine walikuwa wanaitia ili divai chachu iwe tamu. Ni kama wale wanaotuwekea sijui nini kwenye maziwa ili yasiganda. Huyu hakuwa tapeli wala mjinga. Alikuwa msomi aliyekasirika.

Gome la mti na homa isiyokuwa homa

Mwaka 1790 alikuwa anatafsiri kitabu cha dawa cha William Cullen, daktari maarufu wa Scotland. Akafika ukurasa unaozungumzia gome la mti wa sinkona kutoka Amerika Kusini. Gome hilo lilikuwa linatibu homa ile inayokuja na kuondoka, ile tunayoiita malaria. Ndani yake ndimo imo kwinini, ingawa watu walikuja kuitenga mwaka 1820. Mti wenyewe si mgeni kwetu, unalimwa huko Kivu, mashariki mwa Congo, na Bukavu kuna kiwanda cha kwinini.

Cullen alieleza kwamba gome linafanya kazi kwa sababu ni chungu na linakaza tumbo. Hahnemann hakukubali. Kuna vitu vingi vichungu kuliko hilo gome na haviponyi malaria. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Kisha akafanya jambo ambalo madaktari wachache walilifanya wakati huo: akalila hilo gome mwenyewe, siku kadhaa, akiwa mzima, aone litamfanya nini.

Akaandika kwamba miguu na vidole vilipoa, moyo ukadunda, akatetemeka, kiu ikaja, mashavu yakawaka. Dalili za homa ya malaria bila malaria yenyewe. Akiacha kulila, zinaisha. Akilila tena, zinarudi.

Hapo wazo likamjia. Kama kitu kinachoponya malaria kinamletea mtu mzima dalili kama za malaria, basi huenda hiyo ndiyo siri ya dawa zote: kinachomwumiza mzima kwa namna fulani ndicho kitamponya mgonjwa mwenye maumivu ya namna hiyo hiyo. Sisi Waswahili tuna maneno yake tayari, dawa ya moto ni moto. Kitunguu kinakutoa machozi na makamasi, basi kitafaa mafua yanayotoa machozi na makamasi. Ndiyo fikra.

Miaka sita baadaye, 1796, akaichapisha katika jarida la udaktari. Neno homiopathi lenyewe, lililotoka kwa Kigiriki kwa maana ya mateso yanayofanana, akaanza kulitumia mwaka 1807. Na mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikuu, Organon, ambacho wafuasi wake wanakisoma mpaka leo.

Sasa ngoja kidogo. Tulijua baadaye kwamba malaria inaletwa na kijidudu ndani ya damu. Kiligunduliwa mwaka 1880, miaka 37 baada ya Hahnemann kufa, na mwaka 1897 ikathibitishwa kwamba mbu ndiye anayekibeba. Kwinini inaponya kwa kukiua kile kijidudu. Haina uhusiano wowote na kufanana kwa dalili. Na watu wengi wakinywa kwinini wakiwa wazima hawapati homa. Wanapata kelele masikioni na kichwa kuuma. Wengine wanadhani mwili wa Hahnemann ulikuwa na mzio nayo. Yaani nyumba kubwa yote hii ilijengwa juu ya jiwe moja, na lile jiwe lilikuwa mwili wa mtu mmoja.

Tone moja na Bahari Hindi

Ukitaka kuwatibu watu kwa vitu vinavyoumiza, mara moja unapata shida: utawaumiza. Dawa zake nyingi zilikuwa sumu kweli, kama aseniki, zebaki na mmea wa belladonna. Basi akaanza kupunguza kipimo. Akapunguza, akapunguza tena, na akasema kitu cha ajabu: kadiri dawa inavyopunguzwa huku ikitikiswa kwa nguvu, ndivyo inavyozidi makali.

Inavyofanywa ni hivi. Chukua tone moja la dawa, tia kwenye matone 99 ya maji au pombe. Tikisa, gonga chupa kwenye kitu kigumu lakini laini kidogo. Yeye alitumia kitabu chenye jalada la ngozi. Hiyo ni hatua ya kwanza. Chukua tone moja la mchanganyiko huo, tia kwenye matone mengine 99. Hatua ya pili. Endelea hivyo. Ukimaliza unadondoshea vidonge vya sukari, vinakauka, vinatiwa kichupani. Kile kipimo alichokipenda sana kilikuwa hatua ya 30.

Hebu tupige hesabu ya Kinairobi. Hatua ya tatu ni sawa na tone moja kwenye mitungi miwili na nusu ya lita 20. Hiyo bado unaielewa. Hatua ya sita ni tone moja kwenye mabwawa 20 ya kuogelea kama yale ya mashindano ya Olimpiki. Hatua ya 12, tone moja ndani ya maji mengi kuliko Ziwa Victoria mara maelfu, karibu sehemu moja kwa tano ya Bahari Hindi nzima. Na ni hapo kwenye hatua ya 12 ambapo kemia inatuambia hata chembe moja ya dawa ya mwanzo huenda haimo tena kwenye chupa. Ukifika hatua ya 30, dunia nzima haina maji ya kutosha kukupa mfano.

Kwa hivyo kile kidonge kina nini? Sukari. Wanaoitetea homiopathi wanasema maji yanakumbuka kilichopita ndani yake. Lakini kama maji ya Nairobi yangekuwa na kumbukumbu, buda, fikiria yangekuwa yanakumbuka nini.

Hata hivyo kuna swali la haki ambalo lazima ulijibu. Mbona wagonjwa wa Hahnemann walipona? Kwa sababu walipona kweli, wengi, na hilo ndilo lililomtajirisha. Jibu liko kwa wale wenzake wenye visu na ruba. Mgonjwa wa Hahnemann hakukatwa mshipa, hakuharishwa, hakupewa zebaki kwa kijiko. Alipewa kidonge kitamu, chakula chepesi, hewa safi, mapumziko, na daktari aliyemsikiliza saa nzima na kuandika kila neno. Mwili ukiachwa kwa amani unajiponya mambo mengi. Yaani alishinda kwa sababu dawa yake haikufanya kitu, wakati dawa za wengine zilikuwa zinaua. Kipindupindu kilipoipiga London mwaka 1854, hospitali ya homiopathi ya pale ilipoteza wagonjwa wachache kuliko hospitali nyingi nyingine, na siri ilikuwa hiyo hiyo.

Mpe na haki nyingine. Alisisitiza dawa ijaribiwe kwa watu wazima na matokeo yaandikwe, na alianza na mwili wake kisha wanafunzi wake, wakati waganga wengi walirithi imani tu. Mwaka 1792 alimtunza mgonjwa wa akili bila pingu wala viboko, kipindi ambacho watu kama hao walifungwa minyororo. Na kipindupindu kilipoingia Ulaya mwaka 1831, aliandika kwamba huenda kinaenezwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana, akahimiza usafi. Alikosea kwenye jambo kubwa na kupatia kwenye mengine. Watu huwa hivyo.

Vita na wauza dawa

Alirudi Leipzig mwaka 1811 na mwaka uliofuata akaanza kufundisha chuo kikuu. Mihadhara yake ilijaa wakati wa kwanza, nusu wamekuja kusoma, nusu wamekuja kucheka. Alikuwa akianza kwa utulivu, halafu akifika kwenye madaktari wenzake anawaka mpaka uso unakuwa mwekundu. Wanafunzi wachache walibaki, na hao ndio wakawa mitume wake.

Maadui wake wakubwa hawakuwa madaktari peke yao. Walikuwa wenye maduka ya dawa. Sheria ilikuwa daktari anaandika, muuza dawa anachanganya na kuuza. Hahnemann alitengeneza vidonge vyake mwenyewe, kwa kipimo kidogo hivyo kwamba hakuna ambaye angepata faida. Ukigusa mfuko wa mtu, umemgusa. Wakamshtaki, na mahakama ikamzuia kutoa dawa zake. Mwaka huo huo, 1820, mgonjwa wake mkubwa, Mwanamfalme Schwarzenberg, jemadari aliyeongoza majeshi yaliyomshinda Napoleon pale Leipzig, alifia mikononi mwake. Maadui walipata walichokuwa wanangoja.

Mwaka 1821 akahamia mji mdogo wa Köthen, ambao mtawala wake alimpa ruhusa ya kutibu na kutoa dawa mwenyewe. Alikaa huko miaka 14, wagonjwa wakimfuata kutoka mbali. Ukimkumbuka Babu wa Loliondo na kikombe chake mwaka 2011, magari yakipanga foleni ya kilomita na kilomita kwenda kijiji cha Samunge, Tanzania, basi unajua watu waliokata tamaa wanaweza kusafiri kiasi gani wakisikia kuna mahali kuna tumaini.

Na huko Köthen uzee ukamfanya mgumu. Wafuasi waliochanganya homiopathi na tiba za kawaida aliwakaripia hadharani kama wasaliti. Yule kijana aliyewauliza madaktari wa mfalme maswali sasa hakutaka kuulizwa. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo jambo la kusikitisha zaidi katika maisha yake yote.

Mgeni aliyevaa suruali

Mke wake Johanna alifariki mwaka 1830. Mzee akabaki na mabinti zake, akidhani stori imeisha. Oktoba 1834 akaingia mgeni kutoka Paris, amevaa nguo za kiume ili asisumbuliwe njiani. Alikuwa mwanamke, Mélanie d'Hervilly, mchoraji, miaka 34. Alikuja kutibiwa. Januari 1835 wakaoana, bwana harusi akiwa na miaka 79.

Mji wote uliongea, si unajua. Watu walisema anafuata mali, lakini mzee aliwagawia watoto wake sehemu kubwa ya mali kabla ya kuondoka. Juni mwaka huo wakahamia Paris, na mzee aliyepima mkate kwenye mizani akawa daktari wa matajiri. Mpiga fidla maarufu Paganini alikuwa miongoni mwa wagonjwa. Mélanie alijifunza kazi, akakaa mezani naye akitibu, na maskini waliona daktari bila malipo.

Hahnemann alifariki Paris tarehe 2 Julai 1843, miaka 88. Mélanie alimzika kimya kimya, bila kutangaza. Mwaka 1847 serikali ikamshtaki yeye kwa kutibu bila leseni, akapatikana na hatia. Kitabu cha Organon, toleo la mwisho ambalo mzee aliliandaa kabla ya kufa, kilifungiwa sandukuni na kilikuja kuchapishwa mwaka 1921.

Kutoka Paris hadi kwako

Homiopathi ilisambaa Ulaya na Marekani, lakini iliposhika mizizi kweli ni India. Ilifika huko miaka ya 1830 na leo ina vyuo, hospitali na nafasi yake serikalini: wizara ya tiba asilia ya India inaitwa AYUSH, na ile herufi H ya mwisho ni ya homiopathi. Hapa Kenya kuna wanaoifundisha na kuitoa, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inatambua kwamba kuna tiba za jadi na tiba mbadala zinazopaswa kusimamiwa.

Sayansi nayo imesema nini? Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti nyingi na kukuta hakuna ugonjwa ambao homiopathi imethibitishwa kuuponya. Uingereza iliamua mwaka 2017 kwamba huduma yake ya taifa isiendelee kuilipia, na Ufaransa, alikozikwa mwenyewe, iliacha kurudishia watu pesa za vidonge hivyo mwaka 2021. Na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya waziwazi watu wasitumie homiopathi kwa HIV, kifua kikuu, malaria, mafua makali na kuhara kwa watoto wachanga. Soma hiyo orodha tena polepole. Hiyo si orodha ya Ulaya. Hiyo ni orodha yetu.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Kidonge cha sukari hakitakuumiza. Ukikitumia kwa mafua madogo, utapona, kwa sababu mafua huisha yenyewe. Hatari iko kwenye muda. Mtoto aliyerudi kutoka ushago Busia au Siaya na homa, akiwekewa vidonge vitamu siku tatu tukingoja, kijidudu cha malaria hakingoji naye. Mtu anayeacha dawa zake za HIV kwa sababu ameahidiwa kitu chepesi, virusi havijaahidiwa chochote.

Na usinielewe vibaya, sisemi kila kitu cha mitishamba ni uongo. Dawa kuu ya malaria tunayopewa zahanati leo inatokana na artemisia, mmea wa kale wa tiba ya Kichina. Mwanasayansi Tu Youyou alichimba maandiko ya zamani, akautoa ndani ya mmea kile kinachoua vijidudu, akajaribu, akapima, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwinini nayo ilikuwa gome la mti. Tofauti kati ya hizo na vidonge vya Hahnemann si kwamba moja ni ya wazungu na nyingine ya mababu. Tofauti ni kwamba hizo zina kitu ndani, na kile kitu kilipimwa mbele ya watu waliotaka kukikosoa.

Kwa hivyo mtu akikuletea dawa, iwe ni daktari mwenye koti jeupe, mama wa mwarubaini au muuzaji wa vichupa, muulize mambo matatu. Ndani kuna nini na kiasi gani? Imejaribiwa kwa nani, na waliopewa kidonge kitupu walifanyaje? Na nikiingoja hii, ugonjwa wangu unaweza kunifanya nini wakati huo? Akikasirika ukimuuliza, ushapata jibu. Homa ya mtoto ipimwe siku hiyo hiyo. Dawa ya kila siku usiiache bila kuongea na aliyekuandikia.

Halafu kuna jambo moja la Hahnemann ambalo ningependa zahanati zetu ziibe. Alikuwa anakaa na mgonjwa, anamsikiliza mpaka mwisho, anaandika. Watu wengi wanakimbilia vidonge vitamu si kwa sababu ya sukari. Wanakimbilia mtu atakayewaangalia usoni na kuwauliza wanalalaje. Ukipata daktari mwenye dawa ya kweli na sikio kama lile, mshike usimwachie.